Gari la Kuchaji na Mama Mkwe

Alhamisi, 2 Januari

Asilimia 100 saa kumi na mbili asubuhi. Nimechomoa, nimekunja waya, nimeutundika kwenye msumari wa dirisha la jikoni. Wiki ya tatu sasa na gari hili. Linaanza na stima ya betri; stima ikiisha, injini ya petroli inaamka na safari inaendelea. Ni hayo tu. Lakini kila anayepita anataka nimweleze upya.

Kitabu chake kinaahidi kilomita sitini za stima tupu. Kitabu kiliandikwa Japani, hakijapanda milima ya Mogogosiek. Mimi napata thelathini na nane. Arobaini na kitu nikiwa mpole.

Mzee Kirui, jirani wetu wa chini, amekuja tena kuuliza kama mvua ikinyesha haliwezi kumshika mtu kwa stima. Nikasema haliwezi. Akarudi nyuma hatua mbili hata hivyo. Mimi kazi yangu ni kusimamia kunyausha majani ya chai kiwandani. Sikuajiriwa kufundisha fizikia.

Tulilinunua kwa sababu ya safari za Kericho. Pikapu ya zamani ingemmaliza mama mkwe kabla figo hazijammaliza. Mke wangu Nancy amenikataza kusema hivyo. Basi naandika.

Ijumaa, 3 Januari

Kericho na kurudi. Mama saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu, kama kila Jumanne na Ijumaa tangu Novemba. Figo zake zimekataa kazi. Daktari hakuzunguka: akiacha mashine, ni siku chache tu.

Alitoka kwake Siongiroi ili awe karibu. Anakaa kwa dadake, mama mdogo Rael, kilomita mbili kutoka kwetu. Sisi tuna vyumba viwili vitupu, lakini mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Kwetu ndivyo, hasa kwa watu wa rika lake. Simpi mkono. Simwiti jina. Yeye naye hanisemeshi moja kwa moja. Anamwambia Nancy, Nancy ananiambia, hata kama nilisikia vizuri mara ya kwanza. Miaka kumi na tisa. Sijawahi kuliona kama tatizo.

Ukiwasha gari, redio inatoa sauti ya mwanamke anayesema jambo kwa Kijapani. Hatujui ni nini. Leo Mama alimjibu kwa adabu zote, kama anayeitikia salamu kwa Kipsigis, "Chamgei mising." Nancy alicheka mpaka Litein. Mimi nikacheka kwa ndani, nikitazama barabara.

Gari zuri. Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Jumanne, 7 Januari

Shule zimefunguliwa jana. Nancy amerudi darasani. Kuanzia leo ni mimi na Mama peke yetu.

Sikufikiria. Kweli sikufikiria. Nilihesabu kilomita, nikapima upepo wa magurudumu, nikasahau kwamba mtu wa katikati amebaki shuleni.

Mama alikaa nyuma, upande wa kushoto, leso imefunika nusu ya uso. Gari likaondoka bila sauti. Hakuna injini. Hakuna Nancy. Nilisikia kila kitu. Nilisikia vidole vyake vikihesabu shanga za mkufu. Nilisikia pumzi yake. Karibu na Litein nikamsikia akimeza mate. Mtu hafai kusikia mama mkwe wake akimeza mate.

Kisha tumbo langu likanguruma. Sikuwa nimekula. Lilinguruma kwa muda mrefu, likapumzika, likarudia. Nilitamani barabara ipasuke initie ndani.

Baada ya Chemosit betri ikaisha, injini ikaamka. Nusura niikumbatie.

Mimi mtu wa feni, zile kubwa za kunyausha majani. Miaka kumi na sita nimefanya kazi penye kelele, tunasemezana kwa mikono. Kimya sikiwezi. Na kimya kingi kina mshindo mkubwa, wahenga hawakukosea.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepata dawa. Kuna kitufe karibu na gia. Ukikibonyeza, gari linawasha injini hata kama betri imejaa, na injini inaendelea kuichaji betri njiani. Kitabu kinasema ni cha dharura. Hii ni dharura.

Nilikibonyeza kabla ya kufika kwa Rael. Ngurumo kutoka lango mpaka lango. Sikusikia pumzi, sikusikia mkufu. Mama nyuma na mambo yake, mimi mbele na yangu. Heshima imerudi mahali pake.

Petroli imeshuka vibaya. Potelea mbali.

Jumatatu, 13 Januari

Nancy anafundisha hesabu, na hilo ni tatizo ndani ya nyumba. Leo ameenda kuchomeka waya, akakuta betri ina asilimia themanini na sita tangu Ijumaa.

"Hii gari inaenda Kericho ama inazunguka tu uwanja wa shule?"

Nikasema ni miteremko. Gari hili likiteremka linajichaji, na hilo ni kweli. Lakini si kweli kiasi hicho. Akaniangalia vile anavyomwangalia mwanafunzi aliyeiga jibu na kusahau kuiga njia. Hakuuliza tena.

Ningemwambia nini? Kwamba naogopa mama yake akipumua?

Jumanne, 14 Januari

Mvua asubuhi. Injini kutoka lango mpaka lango.

Kurudi, Mama alitapika. Alikuwa na mfuko wa plastiki tayari chini ya leso, kwa hiyo si mara ya kwanza. Aligeuza uso kwenye kioo. Nilimwona kwenye kioo changu, nikaondoa macho haraka. Nikaongeza feni ya hewa.

Nilitaka kusimama. Kusimama kungetaka neno. Neno sikuwa nalo. Nikaendesha.

Sijaridhika na nafsi yangu jioni hii.

Ijumaa, 17 Januari

Siku mbaya. Niandike kama ilivyokuwa.

Presha ya Mama ilishuka baada ya mashine. Muuguzi alimleta kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye gari, kichwa kimelala begani.

"Mshike huku, tumwinue. Si wewe ni kijana wake?"

Nikasema mimi ni mkwe. Muuguzi ni wa huku huku. Alielewa, akaenda kutafuta mama mmoja wa usafi wamsaidie. Mama akakaa juani akingoja. Mimi nimesimama hapo na mikono yangu miwili mizima.

Tulifika kwa Rael saa saba. Hakuna mtu. Rael alikuwa shambani akichuma. Nilikaa kwenye usukani, injini inanguruma. Nikifungua mlango wa nyuma, itabidi nimshike kiunoni. Nikaamua kumtafuta Rael. Nikakimbia ndani ya majani ya chai nikiita. Dakika kumi, labda zaidi.

Tuliporudi, Mama alikuwa amefungua mlango mwenyewe. Alikuwa ameketi chini kwenye tope, ameshikilia gurudumu la nyuma. Injini bado inanguruma juu ya kichwa chake.

Rael alimwinua peke yake. Hakuniangalia.

Nilienda kazini. Nimejichukia siku nzima. Nimesema.

Jumatatu, 20 Januari

Rael amempigia Nancy simu mchana, akiwa bado shuleni. Mama amekunja nguo zake zote kwenye begi. Hataki Kericho tena. Anataka kurudishwa kwake Siongiroi, akakae na ng'ombe wake, basi.

Nancy aliingia nyumbani na chaki bado mikononi. Alilia amesimama. Aliniuliza kulitokea nini Ijumaa. Nikamwambia yote ya Ijumaa. Ya kitufe sikumwambia. Nilidhani hayahusiani.

Ni mimi. Nilishindwa kumshika, sasa anaona afadhali kufa kuliko kuanikwa hivyo tena mbele ya mkwe.

Jumanne, 21 Januari

Hatukwenda. Gari limesimama uani, asilimia 100. Limeshiba na halina pa kwenda.

Rael anasema miguu imevimba. Chakula hataki. Chumvi tumemficha, maji anapimiwa kikombe. Bila mashine hayo yote ni kucheza.

Nancy alienda kumsihi, akarudi. Pasta wao alienda, akarudi pia. Mama aliwapa wote chai na kuwaambia hapana.

Jumatano, 22 Januari

Nimeomba ruhusa kazini. Tumeenda sote wawili kwa Rael baada ya Nancy kutoka shule.

Tulikaa kama inavyotakiwa. Mama kwenye kiti cha dirishani, uso kwa nje. Mimi karibu na mlango. Nancy katikati. Rael alileta chai, akabaki amesimama na birika.

Nancy akamwambia mama yake kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa kutomshika. Mama alitikisa kichwa. Akaongea na Nancy kwa Kipsigis, polepole, akiangalia nje. Naandika nilivyosikia:

"Mwambie mkwe hilo sina kinyongo nalo. Angenishika ningeona aibu mimi. Lakini mwambie mimi si mjinga. Hii gari wakati uko ndani inaondoka hapa kimya. Nikiwa peke yangu inapiga kelele kutoka hapa mpaka Kericho, mpaka natapika. Mtu akichoka na mgonjwa hawezi kusema. Anawasha injini."

Nancy akanigeukia polepole. Nilimwona akiikumbuka ile asilimia themanini na sita.

Sikungoja anipe ujumbe. Nikajibu, nikimtazama Nancy, kwa sauti ya kiwandani. Nikasema mwambie Mama kuna kitufe. Mwambie nilikibonyeza mimi. Mwambie siku ile ya kwanza nilimsikia akipumua, nikamsikia akimeza mate, nikaona nimemvunjia heshima, kwa sababu masikio hayana mahali pa kugeukia. Mwambie nilitaka kelele ili awe peke yake huko nyuma. Mwambie sijachoka. Sijachoka hata kidogo. Nikaendelea. Mwambie pia tumbo langu lilinguruma karibu na Litein, mara mbili, na nilitaka kufa.

Rael ndiye aliyeanza. Birika likatikisika. Kisha mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akajifunika leso uso mzima.

"Mwambie mkwe," akasema kutoka ndani ya leso, "hiyo tumbo niliisikia. Nikadhani ni gari imeharibika."

Nancy alicheka huku machozi yanatiririka. Mimi pia. Sijui kama inaruhusiwa kulia na kucheka mbele ya mama mkwe. Imefanyika.

Nancy akamuuliza kuhusu Kericho. Mama akaisugua miguu yake. Kisha akasema miguu inamuuma, na kama gari litaenda kimya, ataenda. Nancy alipiga simu hospitali hapo hapo. Wamempa nafasi kesho asubuhi.

Alhamisi, 23 Januari

Kimya mpaka Kericho. Sikubonyeza kitu. Niliendesha kilomita hamsini kwa saa, nikiachilia mguu kila mteremko ili gari lijichaji. Asilimia mbili tulipoingia langoni mwa hospitali. Sijawahi kufika na stima mpaka Kericho.

Mama alikuwa vibaya, amevimba uso. Hakutapika.

Sasa kurudi. Betri tupu ni injini, na injini ni matapishi. Nikahitaji soketi, na soketi haziko barabarani. Petroli stesheni walinikatalia. Kwenye duka la vipuri wakacheka. Mwisho nikafika kwa fundi mmoja wa kuchomelea milango ya chuma, Mkisii, jina lake Mokaya. Nikamweleza: nina mgonjwa kwenye mashine, atatoka baada ya saa nne, hawezi mtetemo.

Mokaya alilizunguka gari mara mbili.

"Kwani gari pia iko na figo?"

Nikasema ndiyo, na nazo zinasafishwa saa nne. Alicheka mpaka akaketi juu ya mlango wa mtu. Kisha akazima mashine yake moja, akachomeka waya wangu yeye mwenyewe. Nikabaki hapo nikimshikia vyuma akichomelea. Tuliongea habari za chai yao Kisii na yetu. Kila mtu yake ndiyo bora.

Asilimia sabini na nane. Kurudi miteremko ni mingi kuliko kwenda, hiyo itafika.

Nilipowasha, yule mwanamke wa redio akasema Kijapani chake. Mama, dhaifu vile, akaiangalia redio na kumwambia kwa Kipsigis:

"Mwambie mkwe asante. Na mwambie apunguze kwa matuta."

Nami nikaiambia redio nimesikia.

Jumamosi, 25 Januari

Mama amekula ugali kidogo na mboga. Begi bado limefungwa, Rael anasema. Nguo anatoa moja moja, anavaa, anarudisha. Hajaamua bado. Nancy haulizi. Mimi naosha gari.

Jumanne, 28 Januari

Stima ilipotea tangu jana saa kumi. Nguzo imeanguka upande wa chini. Asubuhi betri asilimia kumi na nne. Nikajua injini itaamka mapema, na nikajua atafikiria nini.

Kwa Rael niliwasha gari, nikasubiri yule mwanamke amalize maneno yake. Nikamwambia: mwambie Mama stima haikuwepo, leo kutakuwa na kelele, si kwa kupenda kwangu. Nilisikia mkufu ukisimama. Kisha Mama akamwambia: mwambie mkwe hata kwangu Siongiroi stima hupotea.

Alitapika mara moja, baada ya Litein. Nilisimama. Nikashuka, nikaweka chupa ya maji juu ya boneti, nikatembea hatua ishirini na kuangalia mashamba. Niliporudi chupa ilikuwa imetumika na kufungwa. Dakika nne. Kumbe ni rahisi hivyo.

Nimeona haya nikikumbuka tarehe kumi na nne.

Ijumaa, 31 Januari

Kwenda stima, kurudi stima. Mokaya ameniwekea soketi yangu ukutani, ameandika juu yake kwa chaki GARI YA MGONJWA. Mteja wake mmoja aliuliza ni gari lipi linaumwa.

Maoni ya mwenye gari, kama mtu angeniuliza: viti vya nyuma ni vizuri kwa mtu mwenye maumivu. Tumbo la gari liko chini, linakwaruza kwenye barabara yetu ya ndani. Buti ni dogo kwa sababu ya betri. Ukilizoea huwezi kurudi kwenye pikapu. Kile kitufe kingewekwa mbali zaidi na mkono wa mpumbavu.

Jumanne, 4 Februari

Rael amesema begi liko tupu. Mama amelifua na kulianika kwenye ua. Nancy alipiga kelele ya furaha ndani ya chumba cha walimu, akaulizwa ameshinda nini.

Daktari hajabadilisha maneno yake. Mashine haiponyi, inasukuma siku. Sawa. Zisukumwe.

Jumanne, 11 Februari

Jua kali wiki nzima, majani haba, kiwandani kazi nyepesi.

Mokaya hakuwa na stima asubuhi, ilirudi saa tatu na nusu. Betri ikapata asilimia sitini tu. Nikaondoka nayo hivyo.

Kabla ya Chemosit nikasikia sauti nyuma. Nikadhani ni gurudumu. Nikatazama kwenye kioo. Mama amelala. Kichwa kimeegemea kioo, leso imeanguka mabegani, mdomo wazi. Anakoroma. Tangu tulinunue gari hili hajawahi kufumba jicho ndani yake. Hata siku ile ya presha alijilazimisha kukaa macho.

Asilimia kumi na tisa Litein. Haikutosha kwa mwendo wa kawaida. Injini ingemwamsha. Nikashusha mwendo mpaka arobaini, kisha thelathini na tano. Lori la majani likanifuata nyuma likipiga honi. Nikatoa mkono nje, nikamwonyesha apite. Dereva alipopita alinitukana. Nilikubali. Pikipiki mbili zikanipita, ya pili imebeba kabati. Nilizima feni ya hewa. Nikazima redio. Asilimia sita, tano. Mteremko wa mwisho ukanirudishia moja.

Nilifika langoni kwa Rael na asilimia mbili. Rael hakuwepo. Hakuna aliyetusikia tukiingia.

Siwezi kumgusa bega. Siwezi kumwita jina. Kupiga honi ningeweza, sikutaka. Zamu yangu inaanza saa nane. Ilikuwa saa nane kasoro kumi.

Nikakaa. Alikoroma, akanyamaza, akavuta pumzi ndefu, akaendelea. Nilisikia yote. Kuku walikuja wakapita chini ya gari.

Saa nane na nusu akaamka. Alirekebisha leso. Hakuharakisha.

"Tumefika?"

Nancy hakuwepo. Redio ilikuwa imezimwa.

"Tumefika, Mama."

Akafungua mlango wake, akashuka polepole, akashika nguzo ya lango, akaingia. Kiwandani nilichelewa dakika hamsini. Waliniuliza. Nikasema ni gari.